Utetezi wa Vigari vya Safari

Imeenea katika miji yetu, tangu Mombasa na Tanga hadi Nairobi na Dar es Salaam, dhana ambayo kwa wingi wa wanaoikariri imekwisha kuchukuliwa kuwa ni hukumu isiyohitaji ushahidi: kwamba mtu mzima, mwenye mke na watoto na mvi kidevuni, akionekana kununua vigari vya madini vya kutosha kiganjani, vilivyofananishwa na magari yaliyoshindana katika Safari Rally ya zamani, na kuvipanga kabatini kwa taratibu ya miaka na majina ya madereva, basi mtu huyo hawezi kuepukana na moja ya aibu tatu. Ama ni mtoto aliyechelewa kukua; ama ni mbadhirifu asiyejua thamani ya fedha; ama ni mtumwa wa fikra, anayelilia starehe za masetla hali masetla wenyewe wamekwisha kwenda zao. Dhana hii husemwa barazani kwa kicheko, husemwa nyumbani kwa kebehi, na kwa bahati mbaya husemwa pia na watu wa elimu, ambao ilitarajiwa wapime kabla ya kunena.

Nakusudia kuipinga, na kuipinga kwa burhani, wala siombi wakusanyaji wahurumiwe kama wahurumiwavyo wagonjwa. Dai langu ni hili: vigari vya Safari ni kurasa za daftari la historia ya Afrika Mashariki, daftari ambalo liliandikwa na mikono ya mbali, na kwa sababu hiyo lina upungufu na makosa yake, na mwenye kuvikusanya kwa elimu, akavilinganisha na picha na magazeti na kauli za walioshuhudia, ndiye anayelihifadhi na kulisahihisha daftari hilo, wakati ambapo wengi waliopewa dhamana ya kuhifadhi hawakulitambua hata kuwa ni daftari. Mtu wa namna hiyo anastahili, angalau, kujibiwa kwa hoja.

Kwanza na tujue tunachokizungumza, maana aghalabu anayekebehi kitu ni yule ambaye hajapata kukishika. Kigari cha kusubu hufanywa kwa kuyeyusha zinki iliyochanganywa na alumini, magnesi na shaba kidogo, na uji huo wa madini ukasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya feleji, ukaganda mara moja, ukatoka ukiwa bodi yenye milango, mikunjo na matundu ya taa. Kisha hupakwa rangi, na namba, majina na alama za wadhamini huchapwa juu yake kwa muhuri laini, ambao huufuata mbonyeo wa mlango bila ya kuvuruga herufi nyembamba kama unywele. Kipimo kinachopendwa zaidi na wakusanyaji wa magari ya mashindano ni cha moja kwa 43, yaani kila sentimita 43 za gari halisi zimekuwa sentimita moja. Kipimo hiki kilirithiwa kutoka kwa treni ndogo za Uingereza, ambazo vigari vya mwanzo vilifanywa ili visimame kando ya reli zake. Kwa kipimo hicho Peugeot 504, ambayo barabarani ilikuwa na urefu wa karibu mita nne na nusu, hukaa juu ya meza kwa sentimita 10 na kitu kidogo.

Ninapoandika maneno haya kiko mbele yangu kigari cha Datsun 240Z ya mwaka 1971, ile iliyowapatia ushindi Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller. Bodi yake ni nyekundu, lakini boneti ni nyeusi tena haing'ai, na jambo hili halikufanywa kwa ajili ya pambo: jua la mchana likipiga juu ya boneti yenye kung'aa, nuru humrudia dereva machoni, na dereva aliyepofuka kwa nukta moja katika barabara ya changarawe hahitaji nukta ya pili ili apoteze gari lake. Mlangoni ipo namba 11. Mbele zimeongezwa taa, kwa sababu usiku wa Safari ulikuwa ni usiku wa nyikani, usio na nguzo za umeme, wenye ng'ombe, punda milia na malori yasiyo na taa za nyuma. Mwenye kuangalia kwa haraka ataona kijigari chekundu. Mwenye kujua kusoma atasoma katika sentimita hizo chache habari za jua letu, giza letu na njia zetu.

Sasa na tuijibu hoja ya kwanza, ya utoto. Ni kweli, wala sina haja ya kukanusha, kwamba ukoo wa vigari hivi ulianzia mikononi mwa watoto. Dinky Toys, zilizopata jina hilo mwaka 1934 katika kiwanda cha Meccano cha Liverpool, na Corgi Toys, zilizoingia sokoni mwaka 1956 kutoka Swansea, zilikusudiwa wavulana wenye visenti vya sikukuu. Lakini asili ya kitu na hatima yake ni mambo mawili. Kigari cha leo cha moja kwa 43, chenye kioo cha pembeni kisichozidi punje ya mchele na mkanda wa usalama uliochorwa kitini, kimeandikwa juu ya boksi lake na mtengenezaji mwenyewe kwamba hakimfai mtoto wa chini ya miaka 14. Nani basi aliyetoa fatwa kuwa hiki ni cha mtoto, hali mwenye kukitengeneza amekiharimisha kwa mtoto?

Tena nawauliza hao wanaocheka: mbona hamcheki katika Makumbusho ya Lamu? Humo imo mifano midogo ya majahazi na mitepe, iliyochongwa kwa ustadi, yenye milingoti, matanga na kamba zake, na watoto wa shule hupelekwa kwa mstari kuitazama, na walimu wao huwaambia kwa taadhima kwamba vyombo hivi ndivyo vilivyowabeba babu zetu na mikoko yao hadi Arabuni. Mwenye kuweka jahazi dogo la mbao sebuleni mwake huitwa mtunza urithi. Mwenye kuweka pembeni yake Peugeot 404 ndogo ya madini huitwa mtoto. Ikiwa tofauti ni umri wa chombo kinachoigwa, basi na waniambie urithi huanza baada ya miaka mingapi; na ikiwa tofauti ni kwamba jahazi liliundwa pwani na gari liliundwa Ufaransa, basi tumekwisha kuiacha hoja ya utoto na tumeingia katika hoja ya ukoloni, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, nami nitaitazama kwa urefu unaoistahili.

Insafu yanilazimisha nianze kwa kukubali. Safari Rally ilizaliwa katika mamlaka ya Kiingereza na kwa ajili ya fahari ya Kiingereza. Mwaka 1953, ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaliandaliwa mashindano ya kuzizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yakaitwa kwa jina la kutawazwa huko, na wengi wa walioshika usukani walikuwa ni wakazi wa Kizungu. Kwa sadfa ya kushangaza, sherehe hiyo hiyo ndiyo iliyoineemesha biashara ya vigari vya kusubu, maana katika mwaka huo huo kampuni ya Lesney ya London iliuza zaidi ya nakala milioni moja za gari dogo la farasi la kutawazwa malkia, na kwa faida hiyo ikajasiri kuanzisha vigari vya Matchbox vilivyoenea ulimwenguni. Mashindano na mfano wake, basi, ni ndugu waliozaliwa katika sherehe moja ya dola. Hayo nimeyasema mimi mwenyewe, asije mtu akanitolea kama siri aliyoifichua.

Lakini kama uchafu wa chimbuko ungetosha kuharamisha kitu, tungeanza na vilivyo vikubwa kuliko vigari. Reli ya kutoka Mombasa ililazwa na dola hiyo hiyo. Mipaka ya nchi zetu ilichorwa kwa rula za watu ambao wengi wao hawakupata kuiona. Mpira wa miguu, ambao kwa ajili yake vijana wetu hugombana hadi kuvunjiana viti, uliletwa na wamisionari na mabaharia. Vyote hivi tumevitwaa na kuvitia mkono wetu, na hakuna anayetuambia tuving'oe. Suali la haki, kwa hiyo, ni nini Safari ilikuja kuwa baada ya kuzaliwa kwake. Na hapo ndipo wapinzani wetu, wanaodai kuitetea heshima ya Afrika, huonyesha kwamba hawaijui historia wanayoitolea hukumu.

Hawajui, kwa mfano, kwamba katika miaka ya mwanzo magari yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake dukani, kwa sababu lililotakikana kujulikana lilikuwa ni jambo la manufaa kwa kila mnunuzi: gari gani, miongoni mwa haya yanayouzwa hapa, litastahimili njia za hapa? Volkswagen, Peugeot, Ford na Datsun zilizoshinda zilikuwa, chini ya namba na matope, magari yale yale yaliyompeleka mgonjwa hospitali na bibi harusi kwa mumewe. Peugeot 404 ilishinda mara nne, mwaka 1963 na 1968 kwa mkono wa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mwaka 1966 na 1967 kwa mkono wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell. Na haikuwa ajabu baada ya hapo kwamba 404 na mdogo wake 504 zilijaa katika njia zetu, zikapakia abiria kupita kiasi kutoka mji hadi mji. Kigari cha 404 ya Safari ni ukumbusho wa gari la raia, lililojaribiwa mbele ya raia, kando ya barabara ambako raia walisimama kwa maelfu wakati wa Pasaka, masika yakiwanyeshea, wasilipe kiingilio hata senti.

Wala hawajui lililo kubwa zaidi, kwamba Safari ilikuwa ni mahali ambapo elimu ilitoka kwetu kwenda kwao. Tangu 1953 hadi 1971 hakupatikana dereva hata mmoja aliyetoka ng'ambo akashinda. Mabingwa wa Ulaya walikuja na mafundi wao na vipuri vyao, wakazama katika udongo mweusi wa Kenya, wakavunja ekseli Tanganyika, wakarudi kwao na udhuru. Mpaka alipokuja Hannu Mikkola wa Finland mwaka 1972, na Ford Escort, akalivunja sharti hilo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakarejea 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93 yakarejea 7. Porsche, pamoja na adhama yake yote, ilileta 911 zilizoinuliwa juu mwaka 1978, ikaambulia nafasi ya pili kwa Vic Preston mdogo na ya nne kwa Björn Waldegård, na katika Safari ya ubingwa wa dunia haikupata kushinda hata mara moja. Miaka ya 1984, 1985 na 1986, wakati mataifa yalipokwisha kuamini kwamba bila ya nguvu ya magurudumu manne hakuna ushindi, Toyota Celica zenye kuendeshwa kwa magurudumu mawili ya nyuma zilishinda mara tatu mfululizo, kwa kuwa hapa ustahimilivu ulihesabiwa mbele ya kasi.

Mwenye shaka na atwae vigari viwili vya Lancia Delta ya mwaka 1988, kimoja kilichovikwa kwa ajili ya Monte Carlo na kingine kwa ajili ya Safari, aviweke bega kwa bega juu ya meza. Cha Monte Carlo kimelala chini, pua yake ni laini. Cha Safari kimeinuka. Mbele kimewekewa ngao ya vyuma vya kuzuia mnyama. Na akiongeza Toyota Celica ya miaka ya mwanzo ya 1990 ataona zaidi, bomba la kuvuta hewa limepandishwa ubavuni mwa kioo hadi paani, ili gari livuke maji bila ya injini kuyanywa. Kila kilichozidi katika kigari cha Safari kuliko cha Monte Carlo ni amri iliyotolewa na barabara za Afrika Mashariki, ikapokewa na wahandisi wa Turin na wa Japani, ikatiiwa. Huu ndio utumwa wa fikra tunaoshutumiwa? Mimi naona ni ushahidi wa kutiiwa.

Na majina, je? Hapa ndipo dai la kwamba tunawalilia masetla linapoanguka bila ya kuguswa. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, mwana wa fundi wa magari, naye akakulia katika karakana. Mwaka 1965, pamoja na nduguye Jaswant, alishinda na Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika na kuumia katika mikono ya wengine, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer, akawa mtu wa kwanza kushinda mara tatu, na jina lake likakaa vinywani mwa watoto waliokuwa wakisukuma magari ya waya vichochoroni. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda, na mwaka 1972 ilipotangazwa kwamba Waasia hawana kwao katika nchi ile, akawa miongoni mwa waliopoteza walichokuwa nacho. Mwaka uliofuata, 1973, akafungana pointi na Harry Källström wa Sweden, akatangazwa mshindi, na Datsun yake ikavuka mstari wa mwisho wa mashindano ya Afrika Mashariki. Kisha akashinda miaka minne kwa mfululizo, 1979 hadi 1982, akafikisha mara tano, idadi ambayo hakuna aliyeifikia hadi leo. Patrick Njiru, mwaka 1993, alikifikisha mwisho kijigari cha Subaru Vivio chenye injini ya cc 660, hali Colin McRae, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia, alikuwa na Vivio kama hiyo hiyo na hakumaliza.

Fundi wa Kericho, mkimbizi wa Uganda, na Mkenya katika gari dogo kuliko la daktari wa wilaya: hao ndio masetla tunaowalilia? Aliyemwambia Mehta kwamba yeye si wa hapa alikuwa na jeshi na redio na saini ya rais. Kigari chekundu chenye jina lake kinatoa ushahidi wa kinyume, na ushahidi huo unaweza kushikwa mkononi na mtoto wa shule ambaye kitabu chake cha historia hakina hata mstari mmoja juu ya mtu huyu.

Hoja ya ubadhirifu ni nyepesi, nami nitaipita kwa wepesi unaolingana nayo. Mwenye kununua kigari kabla ya kulipa karo ya mwanawe amekosa, kama alivyokosa mwenye kununua chochote kingine kabla ya karo. Kosa ni la mpangilio wa mambo nyumbani, na vigari havihusiki. Lakini yule ambaye kila mwisho wa wiki mshahara wake hufukizwa katika nyama choma, au hubadilisha simu kabla ile ya kwanza haijapata mkwaruzo, hajapata kuitwa barazani akahojiwa. Na Jumatatu hana cha kuonyesha isipokuwa tumbo.

Hata hivyo wapo watetezi ambao utetezi wao hunitia hofu kuliko shutuma za maadui. Hawa ni wale wanaojibu hoja ya ubadhirifu kwa kusema kwamba vigari ni rasilimali, kwamba bei hupanda, na kwamba siri ya faida ni kutofungua boksi kamwe. Kwa jibu hilo wameikubali dharau na kuipaka dhahabu tu, maana wamekiri kwamba kitu chenyewe hakina maana ila kwa bei yake. Tena, hata kwa hesabu yao wenyewe, wamekosea. Zinki iliyochanganyika na chembe za risasi, kwa uzembe wa kiwanda, huugua kwa ndani: bodi huvimba taratibu, nyufa nyembamba hutokea chini ya rangi, mlango hugoma kufunga, na mwisho chuma humeguka kwa vidole, wala hakuna dawa inayojulikana. Matairi laini yakikaa miaka juu ya kitako cha plastiki hukiyeyusha na kugandamana nacho. Na katika hewa ya pwani, yenye chumvi na unyevu, boksi lililofungwa ni hifadhi ya maradhi. Anayekitoa kigari chake, akakigeuza mwangani, akalitazama tumbo lake na nyufa zake, ndiye anayekijua na kukitunza. Anayekificha kwa tamaa ya bei ataamka siku moja mmiliki wa boksi zuri lenye unga.

Nimesema awali kwamba daftari hili lina makosa, na haki yataka niyataje, kwa kuwa ndani ya makosa hayo mna hoja yangu yenye nguvu kuliko zote. Katikati ya miaka ya 1960 Corgi ilitoa Volkswagen 1200 ya Safari ya Afrika Mashariki. Ni kigari kizuri: namba 18 ubavuni, tairi la akiba paani, na ukilizungusha tairi hilo magurudumu ya mbele hugeuka. Lakini ndani ya boksi, pamoja na gari, wametia kifaru. Dereva hakutajwa jina, wala mji mmoja hautajwi, wala tope halimo, yumo kifaru. Kwa mtengenezaji wa Swansea, na kwa mvulana wa Kiingereza aliyenunuliwa zawadi hiyo, nchi zetu tatu, ambazo wakati huo zilikwisha kupandisha bendera zake, zilitoshewa na mnyama mmoja wa plastiki. Vigari vya Volvo ya 1965 vilivyotolewa katika miongo ya karibuni havina kifaru. Vina jina la Joginder kwenye boksi. Baina ya boksi la kwanza na la pili mna habari nzima ya jinsi ulimwengu ulivyotutazama na jinsi ulivyolazimika kubadili mtazamo wake, na habari hiyo haionekani ila kwa mtu aliyekusanya vyote viwili na kuviweka katika rafu moja.

Kosa jingine ni la kunyamaza. Opel Ascona 400 ambayo Ari Vatanen aliipatia ushindi mwaka 1983 ilivaa rangi za kampuni ya sigara ya Rothmans. Na kwa ajili ya sheria za kuzuia matangazo ya tumbaku, vigari vya magari kama hayo mara nyingi huuzwa vikiwa na rangi bila ya jina, mahali pa herufi pakabaki patupu. Nia ni njema, lakini tokeo ni kwamba mfano unatoa ushahidi wa uongo: unaficha kwamba katika miaka ile fedha za tumbaku ndizo zilizoendesha michezo mikubwa ya dunia, na yetu ikiwemo. Mkusanyaji anayejua hutafuta picha za siku ile, hupima herufi, huchapa jina na kulirudisha mahali pake. Na kosa la tatu ni la usafi, maana vigari vingi huletwa vimeng'aa kama magari yalivyosimama jukwaani Nairobi kabla ya bendera kushushwa, ambapo gari lililorejea lilikuwa limepoteza taa mbili, bampa limepinda, na rangi yake haijulikani kwa tope. Hapo huzuka mijadala ambayo mpita njia angeiona ya upuuzi: taa ya kushoto ilivunjika siku ya pili au ya tatu? stika ile ilikuwepo Nairobi, au ilibandikwa njiani? Lakini haya ndiyo maswali ya mhakiki wa miswada, anayelinganisha nakala na nakala ili aijue iliyo sahihi. Na njia ya kuyajibu ni ile ile, kutafuta chanzo, kukipima, na kutokubali neno kwa sababu tu limechapwa.

Na kwa nini kazi hii imewaangukia wenye makabati nyumbani? Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Magari yenyewe yaliyoshinda, kwa sehemu kubwa, yalichukuliwa na wenyewe, au yakauzwa yakachakaa katika kazi. Ile Datsun ya 1971 ambayo mfano wake uko mezani pangu imehifadhiwa na Nissan katika hazina yake ya magari huko Zama, Japani, imesafishwa na kutunzwa kwa heshima, na mwana wa Nakuru au wa Morogoro anayetaka kuliona gari lililopita mbele ya nyumba ya babu yake atahitaji pasi ya kusafiria na nauli ya ndege. Tangu katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalibaki ndani ya mipaka ya Kenya. Tanzania na Uganda, ambazo njia zake zilikuwa nusu ya umaarufu wa mashindano hayo, zimekwisha kusahau kwamba zilikuwemo. Mashindano yenyewe yalitoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, yakarudi 2021, na kizazi kizima kikakua katikati bila ya kuyaona. Walioyashuhudia yale ya kwanza ni wazee sana, na kila mwaka hupungua.

Kwa hiyo nina neno kwa pande zote mbili. Kwa wakusanyaji nasema kwamba kukusanya peke yake hakutoshi kuwatoa katika lawama: kila kigari na kiandikiwe karatasi yake, yenye jina la dereva na la mwelekezi, mwaka, njia iliyopitwa, kosa lililomo katika mfano na jinsi lilivyojulikana kuwa ni kosa, waendewe mafundi wazee wa karakana za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, waulizwe, na kauli zao ziandikwe kwa lugha waliyoisema, na walimu wakaribishwe walete wanafunzi kabla vumbi halijawahi. Mkusanyaji asiyefanya haya amewapa maadui zetu nusu ya haki.

Na kwa hao wanaocheka nasema: nimekubali kwamba vigari vilianza kwa watoto, kwamba mashindano yalianza kwa wakoloni, kwamba mifano ina makosa, na kwamba fedha za karo si za kuchezewa. Baada ya kukubali yote hayo, limebaki suali moja ambalo ni juu yao kulijibu. Na watuonyeshe ni wapi pengine, katika miji yetu, mtoto anaweza kwenda leo akaiona Volvo ya Joginder, Datsun ya Mehta na Peugeot ya Shankland zikiwa pamoja, kwa taratibu ya miaka yake, na mtu mzima wa kumweleza. Wakipaonyesha mahali hapo, mimi nitakuwa wa kwanza kukubali kwamba makabati yetu hayana kazi. Wasipopaonyesha, basi adabu yataka wanyamaze, au waje watusaidie kuandika.